Sura ya Sita: Mgeni na Jembe Lake

Tarehe 28 Septemba 2010, sehemu kubwa ya watu wa kujitolea waliokuwa wakitengeneza OpenOffice.org walitangaza kwamba wanajitenga. Mwanzoni mwa mwaka huo kampuni ya Oracle ilikuwa imekamilisha ununuzi wa Sun Microsystems, na programu hiyo ya kuandikia barua na kupigia mahesabu ikaangukia mikononi mwake. Waliojitenga waliunda taasisi yao, The Document Foundation, wakachukua msimbo wote kama leseni ilivyowaruhusu, wakaupa jina jipya: LibreOffice.

Mzigo waliouchukua ulikuwa mkubwa kuliko mabega yao. Msimbo wenyewe ulikuwa wa mamilioni ya mistari. Mizizi yake ilianzia miaka ya 1980, katika kampuni ya StarDivision ya Lüneburg, Ujerumani. Sun iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikauweka msimbo hadharani. Kwa miaka yote hiyo wengi walioufahamu kwa undani walikuwa wahandisi wa kuajiriwa, na wahandisi hao hawakuhama na kundi lililojitenga. Wasipopatikana watu wapya, tena upesi, mradi ungekufa ukiwa mchanga.

Namna walivyowapata watu hao ndiyo inayonipa hoja ya sura hii. Miradi mingi ya programu huria hudhani kukaribisha watu ni suala la maneno: tangazo la "karibuni wote" kwenye ukurasa wa kwanza, alama ya moyo, salamu ya uchangamfu. Maneno mazuri hayadhuru. Ila mtu mpya anabaki au anaondoka kutokana na kazi ambayo wenyeji waliifanya, au hawakuifanya, kabla hajafika.

Kazi ya kabla

LibreOffice walianza na karatasi. Enzi za Sun, mtu wa nje aliyetaka kuchangia alitakiwa kwanza kutia saini waraka wa kuigawia kampuni haki miliki ya alichoandika. Kwa mwanasheria, waraka huo ulikuwa na maana yake. Kwa kijana aliyeona kosa la tahajia na kutaka kulisahihisha jioni moja, ulikuwa ukuta. Wakaufuta. Anayechangia anatamka tu kwamba kazi yake anaitoa chini ya leseni za mradi, na haki yake inabaki kuwa yake.

Wakaja kwenye ujenzi, yaani hatua ya kugeuza msimbo uwe programu inayofunguka kwenye kompyuta. OpenOffice ilijengwa kwa zana ambayo nje ya mradi huo watu wachache tu walikuwa wameigusa, na kazi ilikula saa nyingi hata mambo yalipokwenda sawa. Hatua kwa hatua wakahamia kwenye GNU make, zana ambayo karibu kila anayeandika programu kwenye Linux ameshaitumia.

Ikafuata lugha. Waandishi wa programu huacha maelezo katikati ya msimbo ili anayekuja baadaye aelewe kwa nini jambo lilifanywa vile lilivyofanywa. Maelfu ya mistari ya maelezo hayo yalikuwa ya Kijerumani, kwa kuwa yaliandikwa na Wajerumani wakiwaandikia wenzao wa meza ya pili. Wana-LibreOffice waliandika programu ndogo ya kuipekua mistari inayofanana na Kijerumani, kisha wakaomba watu waitafsiri kwa Kiingereza. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka, kipande kwa kipande. Tazama ilichofungua: mtu asiyejua C++ vizuri, ila alisoma Kijerumani shuleni, alipata kazi ya kufanya siku hiyo hiyo, na kila mstari alioutafsiri ulimrahisishia njia atakayemfuata.

Ninayoipenda kuliko zote ni hii. Katika msimbo mkongwe hubaki vipande ambavyo hakuna sehemu yoyote ya programu inayoviita tena. Zana maalumu ilivitafuta, na orodha yake ikawekwa kwenye faili moja ndani ya mradi, jina lake unusedcode.easy. Mgeni alifungua faili hiyo, akachagua jina moja, akatafuta kipande chenyewe, akakifuta, akajenga programu upya. Ikijengeka bila kulalamika, alituma badiliko. Hakuhitaji kuelewa namna LibreOffice inavyopanga aya wala inavyochora jedwali. Lakini hadi anamaliza, alikuwa ameshapakua msimbo, ameshaujenga, ameshaubadilisha, ameshaujaribu na ameshaupeleka kwa wakaguzi. Njia nzima ameipita mara moja, na mzigo wa kufuta mistari kumi.

Kazi za namna hii waliziweka pamoja na kuziita Easy Hacks. Kila moja ilionyesha ugumu wake na ujuzi unaotakiwa, ili anayejua Java asipoteze siku kwenye kazi ya C++.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakamkabidhi jembe. Kwenye programu huria mgeni hufika siku ya kwanza na jembe begani. Anachokosa ni mwenyeji wa kumwonyesha mpaka wa shamba.

Saa ya kwanza

Mtafiti wa Brazil, Igor Steinmacher, alichunguza kinachowakwamisha watu wapya kwenye miradi huria, akaorodhesha vizuizi 58. Ukivisoma, utaona kwamba ugumu wa programu yenyewe ni sehemu tu ya habari. Vingine ni kutojua pa kuanzia, mwongozo uliopitwa na wakati, kuuliza swali lisijibiwe, kujibiwa kwa dharau.

Vingi kati ya hivyo hutokea ndani ya saa ya kwanza. Mchukue mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta aliyeko Dodoma. Ameiona hitilafu kwenye programu anayoitumia na anaamini anaweza kuirekebisha. Anafungua ukurasa wa mradi na kuukuta mwongozo. Amri ya kwanza inamwambia apakue msimbo. Anaianzisha, na baada ya dakika chache anagundua kwamba anachopakua si msimbo wa leo tu, ni historia yake yote tangu mradi uanze. Bando linakata katikati. Anajiunga upya, anarudia. Ukifika wakati wa kujenga, mwongozo unadai toleo la zana ambalo halipatikani tena. Anauliza mahali pa maswali, anangoja. Usiku unapita. Kesho ana mtihani, na huo ndio mwisho wake na mradi huo. Hakuna aliyemtukana, na hakuna atakayejua kwamba aliwahi kufika.

Dawa ya kila kikwazo cha hapo ni ndogo. Git, zana inayotumika kupakua msimbo huo, inakubali kupakua hali yake ya sasa bila historia. Mstari mmoja juu ya mwongozo ungeliokoa bando lile. Mwongozo uliopitwa na wakati hugunduliwa kwa jaribio moja: msimamizi achukue kompyuta isiyo na kitu, aufuate mwongozo wake mwenyewe neno kwa neno, asitumie chochote anachokijua kichwani. Bora zaidi, amketishe mtu ambaye hajawahi kuuona mradi, naye akae kando kimya, aandike kila mahali mtu huyo anaposita. Atatoka na orodha ya kazi ya wiki nzima.

Bara letu limeshakuwa ndani ya kisa hiki cha OpenOffice tangu zamani. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice ile ile ikizungumza Kiswahili kwenye menyu zake. Mtafsiri wa programu naye ni mchangiaji, na mara nyingi ndiye wa kwanza kutoka katika nchi yake. Mradi unaomhesabu kama msaidizi wa pembeni, usiomtaja kwenye orodha ya waliofanya kazi, unaufunga mlango ambao nusu ya dunia ingeupitia.

Kazi ndogo iliyoandikwa vizuri

Miradi mingi siku hizi hutenga kazi za wageni kwa lebo maalumu. Lebo ni rahisi kubandika. Ugumu uko kwenye maandishi yaliyo chini yake. Chukua mfano wa kubuni wa programu ya zahanati. Msimamizi aliyebanwa na kazi huandika hivi:

"Tarehe za ripoti zimekaa vibaya. Zirekebishwe."

Yeye anaelewa kila kitu hapo, maana anaona programu nzima kichwani. Mgeni haoni kitu. Kazi ile ile ingeweza kuandikwa hivi:

"Ripoti ya mwezi inatanguliza mwezi kabla ya siku, kwa mtindo wa Marekani. Tunataka siku itangulie: tarehe 5 Machi isomeke 05/03. Msimbo unaohusika uko kwenye faili inayotengeneza ripoti ya mwezi. Ndani yake tafuta neno 'tarehe', utalikuta mahali pawili. Ukibadilisha, jaribio moja litashindwa, nalo ni sawa, kwa sababu linatarajia mpangilio wa zamani, lirekebishe pia. Huhitaji kuijua sehemu nyingine yoyote ya programu. Ukikwama, uliza hapa hapa, nami nitapita kila Jumanne na Ijumaa."

Ndani ya maneno hayo mgeni ameambiwa kosa ni nini, likirekebishwa litaonekanaje, aanzie wapi, ategemee nini kitavunjika, na nani atamjibu, lini. Sentensi ile ya jaribio litakaloshindwa ni ya thamani kubwa. Bila hiyo, mtu mwangalifu angeona maandishi mekundu kwenye kioo, akaamini ameharibu, akafuta kazi yake na kunyamaza.

Msimamizi atasema, na ni kweli: kuandika maelezo yote haya kunachukua muda mrefu kuliko kurekebisha tarehe zenyewe. Ndiyo maana kazi za aina hii huisha. Mtu mzoefu huiona, huirekebisha kwa dakika tano, hujisikia vizuri. Tarehe zimepona na mradi umepoteza mtu. Mradi unaotaka watu huweka sharti waziwazi kwamba kazi zenye lebo ya wageni wazoefu hawazigusi, hata kama zinawawasha mikono.

Jibu

Badiliko la kwanza limetumwa. Sasa mgeni anangoja, na saa zake ni ndefu kuliko za mwenyeji.

Mradi wa lugha ya Rust ulilishughulikia hili mapema kwa programu ndogo ya kujiendesha: badiliko likifika, linapangiwa mkaguzi papo hapo, na aliyelituma anaandikiwa ni nani atakayelitazama. Programu hiyo haikagui chochote. Inaondoa swali moja tu, la "kuna mtu aliyeiona kazi yangu?", na swali hilo likikosa jibu watu wengi hukata tamaa.

Baada ya hapo ni zamu ya binadamu. Tuseme kijana wa Dodoma hakukwama, naye amerekebisha tarehe za programu ile ya zahanati, ila amesahau lile jaribio. Mkaguzi wa kwanza anaandika: "Majaribio yameshindwa. Soma mwongozo." Wa pili anaandika: "Asante, tarehe sasa zinasomeka sawa kwenye kompyuta yangu. Limebaki jaribio moja linalotarajia mpangilio wa zamani. Liko kwenye faili ya majaribio ya ripoti. Likipita, nitaipokea kazi hii." Wote wawili wamedai kitu kile kile, na ubora haujashushwa hata chembe. Tofauti ni kwamba wa pili ametaja lililo sawa, akaonyesha kilichobaki kiko wapi, akasema kikikamilika nini kitafuata. Kijana aliyejibiwa na wa pili ana njia hadi mwisho. Aliyejibiwa na wa kwanza ana mlango uliofungwa na karatasi ya kusoma.

Hoja kwamba ukali hulinda ubora ilipata mtetezi maarufu kuliko wote katika Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ambaye kwa miaka mingi barua zake kali kwa wachangiaji zilijulikana dunia nzima. Mwaka 2015 aliyekuwa msimamizi wa sehemu ya USB katika Linux alitangaza hadharani kwamba ameacha kazi hiyo kwa sababu ya namna watu walivyosemeshana. Tarehe 16 Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi, akasema anapumzika kwa muda ili apate msaada wa kuelewa hisia za watu. Mradi ukachukua kanuni mpya za maadili, zilizotokana na Contributor Covenant iliyoandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014. Toleo lililofuata, 4.19, lilitoka mwezi uliofuata chini ya Greg Kroah-Hartman, na Torvalds akarudi kazini. Linux haikulegea. Inaendelea kukataa msimbo mbaya kila siku, kama kawaida yake.

Kanuni za maadili peke yake hazimlindi mtu. Zinafaa pale zinapotaja malalamiko yapelekwe kwa nani, na mtu huyo akiwa na nguvu ya kumwambia hata mwanzilishi wa mradi "hapa umekosea".

Wasiokuja

Mpaka hapa tumezungumzia mtu aliyefika. Kuna wengine wengi ambao hawafiki kabisa, na wenyeji huwasingizia kwamba hawapendi.

Mwaka 2006 mradi wa GNOME ulishiriki kwenye Google Summer of Code, mpango unaowalipa wanafunzi kufanya kazi kwenye programu huria wakati wa likizo. Yalikuja maombi 181. Hakuna hata moja la mwanamke. Wangeweza kuishia hapo na kusema wanawake hawapo. Badala yake Hanna Wallach na Chris Ball walianzisha nafasi chache zilizotangazwa wazi kuwa ni za wanawake, na majira yale yale wakaomba wanawake wapatao 100. Mradi haukuwa umebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni tangazo, ambalo safari hii liliwaambia waziwazi kwamba wanangojewa. Marina Zhurakhinskaya aliufufua mpango huo mwaka 2010, nao ukakua na kuwa Outreachy, ambayo leo inawalipa watu wa makundi yaliyoachwa nyuma katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika.

Mwaka 2015 Guido van Rossum, aliyebuni lugha ya Python, alisema hadharani kwamba anataka angalau wanawake wawili katika kundi la wasimamizi wakuu, na kwamba atawafundisha yeye mwenyewe. Mariatta Wijaya alimwandikia kuomba msaada huo. Mwaka 2017 akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika kundi hilo. Mwaliko uliomfikia ulikuwa na jina la mtu atakayefundisha, na kazi yenyewe ilitajwa.

Ngazi

Mgeni aliyepokelewa vizuri bado huweza kupotea akiona kwamba baada ya badiliko la kwanza hakuna la pili la kulitazamia. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, na ambao mwaka 2006 ulianza kazi Eldoret, Kenya, ulichora ngazi. Msanidi anaanzia hatua waliyoiita /dev/null, ya mtu ambaye bado hajafanya kitu, anapanda hadi /dev/5, na kila hatua ina masharti yaliyoandikwa. Kwenye ngazi hiyo wamepanda vijana wengi wa Afrika Mashariki, ambao mfumo huo unatumika katika hospitali za nchi zao. Faida ya ngazi iliyoandikwa ni kwamba cheo hakitegemei kufahamiana. Mtu wa Kampala ambaye hajawahi kunywa kahawa na waanzilishi anajua afanye nini ili aaminiwe.

Kupokea na kukabidhi

Ukarimu una mipaka yake. Hacktoberfest, tukio la kila Oktoba lililoanza mwaka 2014, liliwapa fulana watu waliotuma idadi fulani ya mabadiliko kwenye miradi huria. Mwaka 2020 wasimamizi walifurikiwa na mabadiliko ya kipuuzi: neno moja limeongezwa hapa, alama imehamishwa pale, ilimradi fulana ipatikane. Ndani ya siku chache waandaaji walilazimika kubadili masharti ili mradi uingie kwa ridhaa yake. Watu waliitwa kwa wingi, na hakuna aliyewatayarishia kazi.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Programu ya xz, inayobana mafaili na kutumika karibu kila mahali penye Linux, ilitunzwa kwa miaka na Lasse Collin, karibu peke yake. Kuanzia 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kutuma mabadiliko mazuri, kwa subira, huku sauti nyingine zikimshinikiza Collin aongeze msaidizi. Jia Tan akapewa mamlaka. Mapema 2024 matoleo mapya yakatoka yakiwa na mlango wa siri. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund aliufichua, baada ya kuona kwamba kuingia kwenye seva kwa mbali kumechelewa kwa takriban nusu sekunde.

Wapo wanaosema somo la xz ni kuwashuku wageni. Mimi nalisoma kinyume. Collin alishinikizwa kwa sababu alikuwa amechoka na hakuwa na mwenzake wa kumuuliza. Mradi wenye wachangiaji kumi wanaokaguana haumkabidhi mtu mmoja ufunguo kwa kuonewa huruma. Kumpokea mtu na kumkabidhi mamlaka ni mambo mawili. La kwanza lifanyike siku hiyo hiyo, kwa kila ajaye. La pili lipitie ngazi, liidhinishwe na zaidi ya mmoja, na toleo lolote lisitoke bila macho ya pili.

Nayo mapokezi yana gharama. Msimamizi mmoja anayefanya kazi usiku baada ya ajira yake hawezi kuandika kazi za wageni, kukagua, kujibu maswali na bado kurekebisha hitilafu. Kwa hiyo mapokezi yapewe zamu, yahesabiwe kuwa kazi ya mradi kama kuandika msimbo, na penye fedha yalipiwe. The Document Foundation ilifikia hatua ya kumwajiri mtu ambaye kazi yake ni kuwalea watengeneza programu wapya.

Anayetaka kujua kama mradi wake unakaribisha watu asihesabu waliotuma badiliko la kwanza. Fulana ilitosha kuwaleta hao. Ahesabu waliotuma la pili. Kisha atafute, kati ya hao, walioanza kukagua kazi za waliokuja baada yao. Akiwakuta hata wawili, mradi umeshaanza kuzaa wenyeji. Asipowakuta, asianze kwa kuandika upya salamu za mlangoni. Achukue kompyuta isiyo na kitu, afungue mwongozo wake, aanze kuufuata tangu mstari wa kwanza.